"Mama amesafiri": neno tunalowaambia watoto wakati wa kilio



Mwaka wa shule uliopita tulikuwa na mtoto mmoja wa kiume katika darasa la 3 la msingi. Hadi Noeli alikuwa mtoto wa kawaida: anasoma vizuri, anapenda hesabu, anacheka na wenzake. Tuliporudi kutoka likizo mwezi wa 1, alianza kuchelewa. Kila asubuhi alifika wakati tumekwisha kuita majina, miguu imejaa vumbi. Tukimuuliza sababu, ananyamaza. Basi tukafanya kama walimu wengi tunavyofanya. Siku ya kwanza tulimwonya. Siku ya pili tukampigisha magoti mbele ya wenzake. Juma lililofuata tukampa kazi ya kufagia kiwanja wakati wengine wanapumzika. Hakulia wala hakujitetea. Alifagia, na kesho yake akachelewa tena.

Aliyetufungua macho ni mama mmoja anayeuza vitumbua kando ya barabara kubwa, ile inayotoka Likasi kwenda Fungurume na Kolwezi. Alituambia: "Mwalimu, mtoto wenu huyo anakaa pale karibu yangu kila asubuhi. Motokari ikisimama kutoka Likasi, anasimama, anaangalia kila mtu anayeshuka. Wakimaliza kushuka anakaa tena. Nimemuuliza anangoja nani, akasema anangoja mama yake."

Mama yake alikuwa amekufa hospitalini Likasi katika likizo ya Noeli.

Siku za kilio, mtoto alipelekwa kulala kwa jirani ili asione. Alipouliza, wakubwa walimwambia: "Mama amesafiri. Atarudi." Siku chache baadaye kambo yake alimnunulia viatu vipya vya shule na kumwambia kwamba mama ndiye amevituma. Sasa ninyi wenyewe fikirini. Kama mama ametuma viatu, basi yuko mahali fulani, na kama yuko mahali fulani, atashuka siku moja kutoka katika motokari. Mtoto alikuwa anafikiri vizuri kabisa. Sisi wakubwa ndio tuliompa hesabu isiyo ya kweli, kisha tukampigisha magoti kwa sababu alijaribu kuifanya.

Tumeomba nafasi katika gazeti letu dogo juma hili tuzungumze juu ya jambo hili. Hatusemi kama watu wasio na kosa. Tunasema kama walimu na kama wamama ambao nasi tumetumia neno hili, "amesafiri", zaidi ya mara moja.

Kwa nini tunawaficha

Tulikwenda kumwona kambo wa yule mtoto. Tulikaa naye chini ya mwembe, katika lupango lake. Tulimwambia: "Kambo, hatukuja kukulaumu." Alinyamaza kwa muda, kisha akasema: "Mwalimu, ningemwambia nini? Mimi mwenyewe sijakubali."

Jibu lile linatosha kueleza mengi. Hatuwafichi watoto kwa ubaya. Tunawaficha kwa sababu sisi wenyewe hatuna nguvu ya kulisema lile neno. Tunaogopa kwamba mtoto atalia na hatutajua kumnyamazisha. Wengine tunaogopa kwamba kutaja kifo mbele ya mtoto kutamletea bahati mbaya. Na wengine tunaamini kwamba mtoto mdogo hana habari, atasahau, atacheza.

Lakini mtoto ana habari. Anaona viti vinapangwa uani. Anasikia wanawake wanalia usiku. Anaona wakubwa wanaacha kusema pindi tu anapoingia. Mtoto wa miaka 4 hajui kifo ni nini, lakini anajua kwamba kuna jambo kubwa nyumbani na kwamba yeye amefungiwa mlango. Anayefungiwa mlango hutunga habari yake mwenyewe, na habari anayoitunga mara nyingi ni mbaya kuliko ile ya kweli.

Zamani walifanyaje

Wazee wetu hawakuwa na vitabu vya elimu ya watoto, lakini kilio chao kilikuwa na nafasi kwa kila mtu. Maiti ilikaa nyumbani. Watu waliiona, waliigusa, walilia juu yake. Wanawake walikaa chini sakafuni pamoja na mfiwa, usiku na mchana, bila kumwacha peke yake. Wajukuu walikuwa na ruhusa ya kufanya mzaha: walivaa nguo za marehemu, waliiga mwendo wake na sauti yake, waliomba malipo kabla ya kuacha njia. Watu walicheka katikati ya machozi. Mtoto aliyekuwapo aliona wazi kwamba kambo amekufa kweli, kwamba watu wote wana huzuni, na kwamba hata hivyo maisha hayakukatika.

Siku hizi mambo yamebadilika. Mtu anakufa mjini, maiti inakwenda katika nyumba ya maiti, inatoka siku ya maziko ndani ya sanduku lililofungwa. Wafiwa wanakimbia huku na huku kutafuta franka za sanduku, za motokari, za chakula, za vitambaa vya uniforme. Wageni wanakula bukari na kuuliza nyama iko wapi. Mama mfiwa hana nafasi hata ya kulia vizuri, na mtoto yuko kwa jirani. Baada ya siku chache viti vinarudishwa, muziki unazimwa, kila mtu anarudi kwake. Ndipo kilio cha kweli kinaanza, na hakuna mtu tena uani.

Tena kuna simu. Zamani habari ya kifo ililetwa na mtu mzima, aliyetumwa, aliyejua kuketi kwanza na kuomba maji kabla ya kusema. Leo habari inafika kwa WhatsApp, pamoja na picha, kabla hata ya ndugu wa damu kujua. Tumekuwa na msichana wa sekondari aliyejua kifo cha baba yake kwa picha ya mshumaa ambayo rafiki aliiweka katika simu. Wamama, tuwe na sheria hii ndogo kati yetu: tusiandike jina la marehemu katika simu kabla hatujajua kwamba watoto wake wameambiwa na mtu wa nyumbani kwao.

Macho yanataka kuona

Katika nchi yetu tumejifunza kwa uchungu kwamba mtu asiyeona hakubali. Mnakumbuka mwaka 2020. Tarehe 18 mwezi wa 3 serikali ilikataza vilio nyumbani na katika majumba ya mikutano kwa sababu ya Korona. Maiti ilitoka katika nyumba ya maiti moja kwa moja hadi kaburini, na watu wachache tu walifuata. Sheria ile ilikuwa na sababu yake. Lakini wamama wengi waliofiwa wakati ule bado wanasema hadi leo: "Mimi sikumlilia." Kidonda chao kilibaki wazi.

Ndugu zetu wa Kivu ya Kaskazini na Ituri walipita katika jaribu kubwa zaidi, lile la Ebola lililotangazwa tarehe 1 mwezi wa 8 mwaka 2018 na kumalizika tarehe 25 mwezi wa 6 mwaka 2020. Watu 2 287 walikufa. Mwanzoni familia nyingi ziliona watu waliovaa mavazi ya ajabu wanachukua mpendwa wao ndani ya mfuko na kwenda naye. Wengine walikataa, hata kwa mawe, wakisema labda mfuko ni mtupu. Waliokuwa wanapigana na ugonjwa ule walilazimika kujifunza: familia ipewe nafasi ya kuona uso kwa mbali, kuleta nguo au kitu cha kuzikwa naye, kusali, kusimama kaburini. Maziko ya usalama yalihitaji pia kuwa maziko ya heshima. Kama mtu mzima anahitaji kuona ili aamini, je, mtoto wa miaka 8?

Hata hapa karibu na sisi kuna habari inayofundisha jambo hili. Patrice Lumumba aliuawa tarehe 17 mwezi wa 1 mwaka 1961 pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito, pale Shilatembo, si mbali na barabara inayotoka Lubumbashi kuja Likasi. Maiti zao zilifukuliwa na kuyeyushwa kwa asidi ili zisipatikane kamwe. Mwezi wa 2 mwaka ule mke wake, Pauline Opango, alipita katika njia za mji mkuu akiwa kifua wazi, kama mwanamke aliyefiwa, akitaka apewe mwili wa mume wake amzike. Hakupewa. Alikufa mwaka 2014 bila kupata kaburi la kwenda kupalilia. Jino moja tu lilikuwa limebaki, mikononi mwa yule polisi Mbelgiji aliyefanya kazi ile. Mwaka 2020 binti yao Juliana alimwandikia mfalme wa Ubelgiji akiomba masalio ya baba yake. Tarehe 20 mwezi wa 6 mwaka 2022, huko Brussels, watoto walikabidhiwa jino lile ndani ya sanduku. Lilizungushwa nchini, likafika hata Shilatembo, na tarehe 30 ya mwezi ule likazikwa Kinshasa.

Miaka 61 watoto walingoja. Walijua kwamba baba amekufa, dunia yote ilijua. Hata hivyo walihitaji kitu cha kuzika na mahali pa kusimama. Tunaposema haya hatufanyi siasa. Tunafikiri juu ya wamama wa kwetu ambao vijana wao waliondoka kwenda kuchimba katika migodi na hawakurudi, wala mtu hakuleta habari. Mama wa namna hiyo anatembea sokoni kati yetu. Hana kaburi, hakuwa na kilio, na watu hawajui wamwambie nini. Wamama, tusimpite. Tukae naye, tumwulize habari za kijana wake, tulitaje jina lake. Kutaja jina peke yake ni aina ya kilio.

Mtoto anaelewa nini, kwa umri gani

Sisi walimu tulijifunza jambo hili katika masomo yetu, lakini tulilisahau mpaka yule mtoto wa barabarani alipotukumbusha. Mwaka 1948 mwanamke mtaalamu wa Hungaria, Maria Nagy, alitoa utafiti wake: alikuwa amewauliza watoto 378 wa mji wa Budapest, wenye miaka 3 hadi 10, maana ya kifo. Wengine baada yake wamesahihisha mambo kadha, lakini njia kubwa ambayo walimu wanaifuata hadi leo inafanana hivi.

Mtoto aliye chini ya miaka 5 anafikiri kifo ni kama kulala au safari. Aliyekwenda anaweza kurudi. Kwa hiyo neno "amesafiri" na neno "amelala" ni hatari sana kwake, kwa sababu analipokea jinsi lilivyo. Wengine huanza kuogopa kulala, na wengine huanza kulia kila baba anapoondoka kwenda kazini.

Mtoto wa miaka 5 hadi 9 anaanza kuelewa kwamba aliyekufa harudi, lakini anafikiri kwamba kifo kinawafikia wengine tu, au kwamba ni kama mtu anayekuja kuchukua watu. Katika umri huu mtoto mara nyingi anajihukumu: "Mama alikufa kwa sababu nilimkasirisha."

Kuanzia miaka 9 au 10 anaelewa kama sisi: kifo hakirudi nyuma, na kila mtu atakufa. Huyu ana maswali makubwa, lakini anaweza kuyaficha ili asiwaumize wakubwa. Usimwone ananyamaza ukafikiri amepoa.

Tena mtoto haombolezi kama mtu mzima. Anaweza kulia sasa hivi, na baada ya dakika kumi anacheza mpira. Watu wanasema, "Ona, amesahau." Hakusahau. Moyo wake ni mdogo, unabeba huzuni kidogo kidogo.

Maneno ya kusema

Tuliporudi kwa kambo mara ya pili, alikubali kumwambia mtoto, lakini alituomba tukae karibu. Alisema kwa maneno machache: "Mwanangu, nilikudanganya kwa sababu nilikuwa na huzuni. Mama hakusafiri. Mama aliugua sana, waganga walijaribu, akafa. Mwili wake uliacha kupumua. Hatarudi. Tulimzika Likasi. Mimi niko pamoja nawe."

Mtoto alinyamaza. Kisha akauliza maswali matatu. La kwanza: "Nani atanipikia?" La pili: "Na wewe utakufa?" La tatu aliliuliza kwa sauti ndogo sana: "Ni kwa sababu nilikataa kwenda kuchota maji siku ile?"

Tangu Noeli mtoto yule alikuwa amebeba debe lile la maji peke yake.

Kambo alimkumbatia na kumjibu moja baada ya moja. Mimi na shangazi yako tutakupikia. Ndiyo, nami nitakufa siku moja, lakini leo nina nguvu, na nikiondoka shangazi yuko. Hapana, mtoto wangu, maji hayaui mama, ni ugonjwa uliomuua.

Kwa hiyo, wamama, haya ndiyo tunayowaomba.

Semeni neno lenyewe: "amekufa". Si "amesafiri", si "amelala", si "tumempoteza", kwa sababu kilichopotea mtu hukitafuta.

Habari isemwe na mtu ambaye mtoto anampenda na anamwamini, mahali pa utulivu, mapema, kabla ya jirani au simu.

Elezeni sababu kwa ufupi na kwa kweli. Mwambieni waziwazi kwamba yeye hana kosa. Msingoje aulize, kwa sababu wengi hawataliuliza swali lile la tatu.

Jibuni kile alichouliza tu, hata kama atauliza jambo lilelile mara kumi. Kurudia swali ndiyo njia yake ya kuzoea.

Kama ana umri wa kuelewa, mwelezeni atakachokiona kilioni na kaburini, kisha mwulizeni kama anataka kuja. Asilazimishwe kuja wala kugusa maiti, na asifukuzwe.

Lieni mbele yake. Mama anayelia na kusema, "Ninalia kwa sababu ninamkumbuka," anamfundisha mtoto kwamba machozi si aibu.

Na tafadhali, mjulisheni mwalimu wake. Hatuwezi kumsaidia mtoto ambaye hatujui jambo lililompata. Kwa upande wetu, sisi walimu tumekubaliana katika shule yetu kwamba mtoto akibadilika ghafula, tunatembelea nyumba yake kwanza kabla ya adhabu yoyote.

Kitabu cha kumbukumbu: mfano wa wamama wa Uganda

Kuna wamama wenzetu waliotupita katika jambo hili, nao si mbali. Uganda, mwaka 1992, wanawake wanaoishi na virusi vya ukimwi waliunda chama chao kinachoitwa NACWOLA. Wakati ule hapakuwa na dawa kwa watu wengi. Mama alijua kwamba atakufa na kuacha watoto wadogo, lakini hakujua jinsi ya kuwaambia. Katika miaka ile ya 1990 walianza kuandika vitabu vya kumbukumbu. Wazo lenyewe lilikuwa limejaribiwa London na wamama Waafrika wenye ugonjwa uleule. Mama alichukua daftari akaandika kwa mkono wake, pamoja na mtoto wake akiweza: jina lako lilitoka wapi, ulizaliwa siku gani na wapi, chakula ulichopenda ulipokuwa mdogo, baba yako alikuwa mtu wa namna gani, ukoo wetu unatoka kijiji gani, mambo ninayoyaamini, mambo ninayokutakia. Wakabandika picha kama zipo. Wasiojua kuandika waliandikiwa na wenzao.

Katika kuandika, mama alipata njia ya kusema ukweli. Na baada ya kifo chake, mtoto hakubaki mikono mitupu. Alijua yeye ni nani na ni wa nani.

Hatuhitaji kungoja ugonjwa. Daftari moja la shule linatosha. Tunaomba kila kikundi kianze jambo hili: wale wanaojua kuandika wawaandikie wale wasiojua, nusu saa kila juma baada ya likelemba. Na kama mama amekwisha kufa, kitabu bado kinawezekana. Shangazi, kambo, marafiki wa marehemu, kila mmoja aseme jambo moja analolikumbuka. Kwa yule mtoto wetu, mama muuza vitumbua ndiye aliyetoa ukurasa wa kwanza: "Mama yako alikuwa ananunua vitumbua vinne, viwili vyako, na hakuomba mkopo hata siku moja."

Huzuni isiongezwe na unyang'anyi

Kuna jambo jingine ambalo mtoto analiona siku za kilio, nalo tusilinyamazie: ndugu wa baba wanafika, wanabeba kitanda, televisheni, mabati, na mama anaambiwa atoke katika nyumba. Mtoto anapoteza baba siku ya kwanza, na nyumba siku ya kumi.

Sheria ya Jamaa ya nchi yetu, ile ya tarehe 1 mwezi wa 8 mwaka 1987 iliyorekebishwa tarehe 15 mwezi wa 7 mwaka 2016, iko wazi. Warithi wa kwanza ni watoto, nao wana haki ya robo tatu za urithi. Mjane, au mume aliyefiwa, ana haki ya kuendelea kukaa katika nyumba waliyokuwa wanaishi na kutumia vyombo vyake vya nyumbani. Anayeharibu au kubeba mali kabla ya kugawanywa anaweza kuadhibiwa. Kwa hiyo, kabla ya mambo mengine, andikisheni kifo kwa ofisa wa serikali na mshike hati yake, mkaiweke pamoja na hati ya ndoa, karatasi za lupango na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Bila karatasi, haki ni vigumu kuidai. Na ninyi wamama wa kikundi, kaeni na mjane wakati ndugu wanapokuja kwa mali. Watu wanaogopa kubeba kitanda mbele ya wanawake ishirini walioketi kimya.

Mambo manne kwa kikundi chetu

Katika mkutano wa juma lililopita tulikubaliana kujaribu mambo manne, na tunawaomba vikundi vingine vituambie yanavyokwenda.

Moja: katika kila kilio tunachagua mama mmoja wa kukaa na watoto wa marehemu. Kazi yake si jikoni wala sahani. Ni watoto tu: wamekula, wamelala, wameambiwa, wameuliza nini.

Mbili: michango yote inaandikwa katika daftari mbele ya watu wawili, na sehemu inawekwa kando kwa mahitaji ya watoto. Shule ya msingi ya serikali ni bure tangu mwaka 2019, lakini madaftari, nguo na sekondari bado vinaomba franka. Afadhali nyama kidogo siku ya kilio na kalamu mwezi wa 9.

Tatu: tunarudi. Juma moja baada ya maziko, kisha mwezi mmoja, kisha miezi mitatu, wamama wawili wanamtembelea mfiwa, bila sherehe, na sahani ya sombe mkononi.

Nne: tarehe 1 mwezi wa 8 tunakwenda makaburini pamoja na watoto. Siku hii nchi yetu imeiweka kwa ajili ya wazazi, asubuhi kwa waliokufa na mchana kwa walio hai. Wengi wetu tumebakiza sehemu ya mchana tu, ile ya vinywaji. Turudishe asubuhi yake. Mtoto apewe jembe dogo, apalilie, aseme jina la mzazi wake kwa sauti.

Yule mtoto wetu

Msifikiri kwamba baada ya kuambiwa ukweli kila kitu kilikuwa sawa. Kwa siku nne bado alikwenda barabarani. Mama wa vitumbua alimwacha akae, akampa kimoja, hakumfukuza. Siku ya tano alifika darasani mapema. Mwezi ule alilia sana, alipigana na wenzake mara mbili, akaandika vibaya. Mwisho wa mwaka alifaulu, si kwa namba kubwa, lakini alifaulu.

Sisi walimu tulimwomba msamaha mbele ya darasa lilelile ambalo lilimwona amepiga magoti. Haikuwa rahisi. Mwalimu haombi msamaha kwa mtoto, ndivyo tulivyolelewa.

Tarehe 1 mwezi wa 8 kambo alimpeleka Likasi. Walipalilia, wakaweka mawe pembeni ili mvua isibomoe. Kambo anasema kwamba mtoto alikaa pale muda mrefu akiangalia miguu yake, kisha akauliza: "Kambo, na viatu hivi, nani alivinunua?"

Kambo akajibu: "Ni mimi."

Mtoto akasema: "Asante, kambo."

Sasa yuko darasa la 4. Viatu vimeanza kumbana, lakini bado anavivaa.

Mubaki salama, wamama. Na kama katika lupango lako kuna mtoto anayengoja msafiri ambaye hatarudi, usingoje juma lijalo. Mwite leo, kaa naye chini, umwambie.